Cheni Inaliwa kwa Ndani

"Bosi, cheni imevutika. Tukaze?"

Egesha pikipiki kwa fundi yeyote hapa Tabora, iwe Ng'ambo, iwe Ipuli, na hilo ndilo utakaloulizwa kabla hujashusha mguu. Unaitikia. Spana inazungushwa mara mbili tatu, kijana anachovya brashi kwenye kopo la oili chafu, anaipaka cheni kwa juu huku mwenzake akizungusha tairi, basi. Unaondoka cheni ikiwa nyeusi ti, inang'aa, na kelele zimekwisha. Siku ya nne mchanga umeshaigeuza rangi. Mwezi haujaisha umerudi pale pale unaambiwa maneno yale yale.

Nimezika cheni nyingi kwa mtindo huo. Siku moja, badala ya kuitupa iliyochakaa, nilimwomba fundi wa kuchomelea aipasue kwa grenda nione tumboni mwake kuna nini. Kwa nje mabamba yalikuwa mazima kabisa, yamepakwa oili miaka nenda rudi. Ndani kulikuwa kukavu, na pini zimeliwa upande mmoja, zimebonyea kama mpini wa jembe la zamani pale mkono unaposhika.

Basi tuanzie hapo: cheni haivutiki. Yale mabamba ya chuma ya pembeni hayarefuki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba kila kiungo kina pini iliyopita ndani ya kijibomba kinachoitwa bushi, na juu ya bushi kuna rola, ile sehemu ya mviringo inayokaa katikati ya meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Cheni ikikunjika, pini inasuguana na ukuta wa ndani wa bushi. Ikisagika kidogo, kiungo kinapata nafasi. Nafasi hiyo ikijumlishwa kwa viungo vyote, cheni inakuwa ndefu.

Hesabu yake inashangaza. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia cheni ya namba 428. Ile 4 ya mwanzo maana yake ni sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi, au milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Chukua cheni yenye viungo 118. Kila kiungo kikipoteza sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi moja ya kuchapia, cheni nzima inaongezeka milimita 11.8. Hicho ni karibu kiungo kizima kilichozaliwa bila mtu kukinunua.

Umbo hili la pini, bushi na rola lilibuniwa na Hans Renold huko Manchester, Uingereza, mwaka 1880, kabla hata pikipiki hazijaanza kuuzwa madukani. Halijabadilika sana tangu hapo, na udhaifu wake ni ule ule: mahali panapohitaji mafuta kuliko pengine popote ndipo mkono wako hauwezi kufika.

Panahitaji kiasi gani? Cheni ikiwa imenyooka hakuna kinachosuguana. Kazi iko pale inapokunjika, na kila kiungo hukunjika au kunyooka mara nne katika mzunguko mmoja: kikiingia sproketi ya mbele, kikitoka, kikiingia ya nyuma, kikitoka. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42, na tairi la inchi 17 linatembea karibu mita 1.85 kwa kila mzunguko. Kwenye kilomita moja cheni ya viungo 118 inazunguka karibu mara 190. Kijana anayefanya kilomita 100 kwa siku ameikunja na kuinyoosha kila pini zaidi ya mara 75,000 kabla ya kula chakula cha usiku. Hiyo ni siku moja.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wanaobeba mizigo wangependa kulijua. Kiungo kinachoingia kwenye sproketi ya meno 14 hukunjika nyuzi karibu 26. Kwenye ile ya meno 42 hukunjika nyuzi zisizofika 9. Kwa hiyo anayebadilisha sproketi ya mbele na kuweka ndogo zaidi, ili pikipiki ivute magunia ya mkaa bila kulalamika, amepata nguvu lakini ameongeza mkunjo. Hafanyi kosa. Ila asishangae cheni yake ikiisha kabla ya ya jirani yake.

Sasa turudi kwenye mchanga, maana Tabora bila mchanga si Tabora. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hakuna, na ukitoka kwenye lami kuelekea vijiji vya Uyui, Sikonge au Urambo unaogelea kwenye vumbi. Punje za mchanga ni ngumu kiasi cha kukwangua chuma. Zikiwa kavu na peke yake nyingi hudondoka. Zikipata kitu cha kunatia, zinabaki.

Wenyeji wa mkoa huu wa asali hawahitaji maelezo marefu kuhusu kunata. Dondosha tone la asali mchangani, kisha liokote: utaokota donge la mchanga. Grisi juu ya cheni ni hivyo hivyo. Ni nzito mno kupenya kwenye upenyo kati ya mabamba, kwa hiyo inakaa nje, inakusanya vumbi, na kila rola inapokaa kwenye jino la sproketi inakuwa umepiga msasa. Anayepaka grisi anaona cheni imeloa na anaridhika. Pini haijapata hata tone.

Na oili chafu? Hapa nitawakera baadhi ya mafundi wangu. Ile oili imemwagwa kutoka kwenye injini kwa sababu imechoka: imebeba masizi, chembe za chuma na tindikali zilizotokana na mwako. Kuipaka kwenye cheni ni kuchukua uchafu wa mashine moja na kuupeleka kwenye nyingine. Hata hivyo sitasema ni sumu. Mtu aliyekwama njiani Kaliua na cheni inayolia kama mlango wa ghala, akipata oili chafu kwenye chupa ya soda, apake afike nyumbani. Cheni kavu ni mbaya zaidi. Tatizo ni kwamba tumefanya dawa ya dharura kuwa chakula cha kila siku, tena tunaipaka juu ya mchanga wa jana bila kusafisha, na mafuta mapya yanapopenya yanaingia na mchanga ule kama wageni walioshikana mikono.

Kwa hiyo kusafisha ndiyo nusu ya kwanza ya kazi, na ndiyo inayorukwa.

Weka pikipiki kwenye dabo stendi, zima injini, weka nyutro. Zungusha tairi kwa mkono. Hili la kuzima injini nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakiwasha, wakatia gia ya kwanza, na kushika tambara kwenye cheni ili "ijisafishe yenyewe". Tambara likinaswa kati ya cheni na sproketi linavuta vidole, na vidole havirudi. Hakuna haraka ya abiria inayolingana na kidole.

Tumia mafuta ya taa, au dizeli kama ya taa imekosekana. Petroli hapana. Moto ni sababu ya kutosha, na hata bila moto, inakausha kila kitu na kuacha chuma kitupu kinachosubiri kutu. Mswaki wa zamani unatosha: sugua pande zote nne, yaani juu, chini na ubavu wa kila upande, na uelekeze nywele za mswaki kwenye ule mwanya mwembamba kati ya bamba la nje na bamba la ndani. Weka kopo chini ukinge yanayodondoka, usimwage uwanjani. Futa kwa tambara kavu, rudia, futa tena. Utashangaa jinsi tambara la tatu linavyotoka bado jeusi.

Zile mashine za maji ya presha kwa vijana wa kuosha pikipiki zinaitakatisha cheni kwa macho tu. Maji ya nguvu yanasukuma mchanga ndani badala ya kuutoa, na yanaacha unyevu mle mle ambamo hatuna njia ya kufuta. Ukishaoshewa, futa cheni kabisa na uipe mafuta jioni ile ile.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, na mimi hufanya hivi kama mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, fungua klipu ya kiungo cha kufungulia, toa cheni yote, iloweke kwenye beseni la mafuta ya taa kwa saa kadhaa na kuitikisa kila ukipita. Mchanga unaobaki chini ya beseni ni ushahidi tosha. Itundike ikauke vizuri. Kisha ilaze kwenye oili ya giaboksi iliyokaa juani mchana wa Oktoba. Nimechagua jua kwa makusudi. Asali ya asubuhi ya baridi mwezi wa Juni haimiminiki. Ya mchana inakimbia. Oili nayo ni hivyo: ikiwa ya moto inakuwa nyepesi na kupenya kwenye bushi, ikipoa inakuwa nzito na kubaki humo. Usiipashe jikoni. Jua la Tabora linatosha na halina moto wa kulipuka. Itundike tena usiku kucha idondoshe ziada.

Wakati wa kurudisha, klipu ile yenye umbo la samaki ina kichwa na mkia uliopasuka. Kichwa kilichofungwa ndicho kinachotangulia kule cheni inakoelekea. Ukiwa umeivalisha upande wa juu wa cheni, kichwa kielekee mbele ya pikipiki. Ukigeuza, jiwe moja likigonga ule mkia, klipu inachomoka na cheni inakuacha barabarani.

Cheni mpya ni habari nyingine. Inatoka kiwandani ikiwa na grisi iliyosindiliwa ndani ya viungo kwa namna ambayo mimi na wewe hatuwezi kuifanya nyumbani. Nimewaona mafundi wakiiosha kwa petroli "iwe safi" kabla ya kuifunga. Wanaosha kitu cha thamani kuliko vyote kilichokuwemo kwenye lile boksi. Futa ya nje tu, funga.

Nusu ya pili ni kutia mafuta, na kwa cheni za kawaida zisizo na mpira, oili ya giaboksi namba 90 ndiyo ninayoiamini. Nunua kopo dogo, litakaa miezi. Za kupuliza zinazouzwa kwenye makopo ya gesi ni nzuri pia, ila bei yake kwa mtu wa bodaboda ni mjadala.

Muda mzuri ni jioni unapofika nyumbani, cheni ikiwa bado na joto. Mazoea yetu ni kupaka asubuhi na kuondoka papo hapo. Nusu ya oili inarukia kwenye rimu na suruali ya abiria, na iliyobaki haijapata muda wa kuingia. Ukitia jioni, ina usiku mzima wa kupenya.

Mahali pa kutia ni upande wa ndani wa cheni, kwenye ule mstari wa chini, uso ule unaogusa meno. Cheni ikizunguka kwenye sproketi inarusha oili kuelekea nje. Ukiwa umeitia ndani itapita kwenye viungo ikiwa njiani, ukiwa umeitia nje itarukia barabarani. Na usilenge katikati ya rola peke yake. Lenga mianya ya bamba kwa bamba, kulia na kushoto, kwa sababu ule ndio mlango wa kuelekea kwenye pini. Mimi natumia bomba la sindano lisilo na sindano, la duka la dawa: tone kulia, tone kushoto, kiungo kwa kiungo, naanza kwenye klipu ili nijue nimemaliza nikiiona tena. Viungo 118 ni matone 236. Ukizoea, ni kazi ya dakika kumi na redio inaongea pembeni. Zungusha tairi mara kadhaa, iache. Asubuhi futa kwa tambara kavu mpaka nje pabaki na utando tu.

Hapo ndipo watu wengi wananibishia. Kufuta oili niliyoinunua kwa pesa yangu? Ndiyo. Iliyo nje imeshindwa kuingia na haina kazi isipokuwa kuzuia kutu, na kwa kutu utando unatosha. Cheni iliyotunzwa vizuri kwenye kiangazi cha Tabora inaonekana karibu kavu. Ile inayong'aa nyeusi ndiyo ya kuitilia shaka.

Kila baada ya muda gani? Anzia kilomita 500 kwa barabara ya kawaida. Mwenye kupiga mchanga kila siku apunguze. Ikinyesha, hesabu zote zinafutwa: tia jioni hiyo hiyo. Na ukiona unga wa rangi ya kutu ukichungulia kwenye viungo, usidhani ni vumbi la njiani. Vumbi hukaa kote na hufutika. Huu hutokea kwenye vichwa vya pini tu, na ukiufuta leo kesho upo. Ni chuma kinachosagika ndani bila mafuta.

Neno moja kuhusu kava la cheni. Wengi huling'oa kwa sababu linagonga, au linamchelewesha fundi kuziba pancha. Pikipiki iliyotoka kiwandani na kava lililofunika cheni yote imepewa zawadi kwa nchi kama hii. Linalogonga likazwe bolti.

Wenye pikipiki kubwa, zile za miradi na za maofisa, huenda cheni zao zina vipete vya mpira kati ya mabamba. Humo grisi imefungiwa kiwandani na mpira unailinda. Mafuta ya taa na brashi laini yanafaa, ila brashi ya waya na petroli vinaua mpira, na kuiloweka hakuna maana. Unayoitia ni kwa ajili ya rola, kutu na kuuweka mpira usikauke.

Tukirudi kwa yule fundi na spana yake: kukaza si kosa, kosa ni kukaza kama uzi wa gitaa. Pikipiki nyingi ndogo zinataka cheni icheze kati ya milimita 20 na 30 katikati ya mstari wa chini, na kipimo sahihi cha yako kimeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko karibu na tairi la nyuma. Ile nafasi ina sababu. Ukipakia abiria na mzigo, sehemu ya nyuma inashuka, na umbali kati ya sproketi mbili unabadilika. Cheni hukaza kuliko wakati wowote pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono unaoshika tairi la nyuma, na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja. Ukiwa umeikaza pikipiki ikiwa tupu, mzigo utaimalizia, na beringi za giaboksi na za tairi ndizo zitakazolipa. Ikilegea mno nayo inaruka meno, na ikichomoka kwenye mwendo inaweza kujikunja ikapasua kava la injini au kufunga tairi la nyuma. Pima sehemu tatu nne ukizungusha tairi, maana cheni iliyozeeka hailiwi sawasawa. Fuata ile iliyokaza zaidi. Na alama za pande mbili za ekseli zilingane, kulia na kushoto, la sivyo sproketi italiwa ubavu.

Lini uache kukaza na kununua? Vuta cheni kwa vidole nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma. Ikiinuka mpaka ukaona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Meno yakiwa yamepinda kama mundu, hata sproketi zimekwisha, na hapo nunua seti nzima. Cheni mpya juu ya meno ya zamani inazeeka upesi, kwa sababu meno yameshachongwa kwa kipimo cha ile ndefu.

Kipimo cha uhakika zaidi ni cha rula. Bonyeza mstari wa chini ili ule unaoupima unyooke, kisha hesabu viungo 20, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 itasoma milimita 254. Ikifika 259 imeongezeka karibu asilimia 2, itoe. Yangu nimeipima juzi jioni, kabla ya matone 236. Ilisoma 256.